Mbwa Aliyekataa Mkono wa Jirani

Mumbua wa Katangi, watu walizoea kumwita Mama Ndanu, hakuwa na mchezo na mbwa wake. Yule wa kwanza wezi walimrushia nyama yenye sumu, na kulipokucha zizi lilikuwa tupu. Kwa hivyo huyu wa pili, Bosi, akamfunza tangu mdogo kwamba chakula ni cha mkono wake yeye tu. Jirani akitupa mfupa na Bosi aunuse, mwiko ulimshukia puani. Mwaka haukuisha, hata umwekee maini anageuza uso.

"Huyu hanunuliki!" Mumbua alijisifu sokoni mpaka watu wakachoka kumsikia.

Hakununulika kweli, na uani pake hapakuingia mtu. Ndanu mwenyewe, bintiye, alikuwa kiwandani Athi River tangu kabla Bosi hajaletwa, na kwa mbwa yule alikuwa mgeni tu.

Sasa siku moja ya soko, mwaka wa 2001, Mumbua alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sufuria kubwa ya kuwauzia wachuuzi. Kwingine mtu angemwita jirani amshikie upande wa pili. Yeye angemwita nani? Akakunja vitambaa viwili, akaiinua peke yake. Jiwe moja la jiko likacheza. Lo! Muthokoi ikamwagika yote mguuni, kuanzia goti hadi vidole.

"Wui! Nimekwisha!"

Ngina, jirani yake, akaja mbio na mumewe Bartholomew. Bosi alikuwa mlangoni pa jiko, meno nje. Kadiri Mumbua alivyolia, ndivyo mbwa alivyozidi kupandisha hasira.

"Mama Ndanu, mfunge huyu, tutakusaidiaje?" Ngina alipiga kelele.

Mumbua akauma midomo, akanyamaza kwa nguvu. "Bosi, njoo baba." Mbwa akaja, akamlamba mkono. Akamfunga mnyororo kwenye nguzo ya jiko, kisha akaanguka. Bartholomew akambeba mgongoni hadi barabarani.

Huko hospitalini Machakos alilazwa, mguu umefungwa bendeji mpaka pajani. Kila Ngina alipokuja, swali lilikuwa moja.

"Amekula?"

"Nasukuma sahani kwa mti, hata maji. Hagusi. Bartholomew alitaka kumfungua, nusura ang'olewe kidole."

"Daktari, niruhusu siku moja tu nikamlishe mbwa," Mumbua aliomba.

Daktari alicheka, akadhani ni mzaha. Mumbua alijaribu kushuka kitandani na mguu ukakataa. Alilia mbele za watu, mtu mzima kama yeye, bila aibu. Mwisho akafungua leso aliyokuja nayo, ingali inanuka moshi na maharagwe, akampa Ngina.

"Jifunge mkononi unapomlisha. Atajua ni mimi."

Jumapili Ngina akarudi. Akaweka leso kitandani, imefuliwa, imekunjwa.

"Amekula?"

Ngina alikaa kwanza. "Aliing'ata akanivua, Mama Ndanu. Akailalia. Ugali uko pale karibu na pua yake, hakuutaka. Jana asubuhi tulimkuta amekufa, bado kailalia."

Mumbua akautazama mkono wake wa kulia, ule uliokuwa ukishika mwiko.

"Mimi ndiye niliyemfunza," akasema.

Ngina akammiminia chai, naye akamwambia aiweke tu hapo kando.