Mifupa ya Kiwanja Chetu

Tulipata kiwanja karibu na maporomoko, hapa Kisangani, katika ile miaka ya hamsini ambapo kila mtu alitaka nyumba ya matofali. Mume wangu alichimba msingi mwenyewe kila alipotoka kazini bandarini, nami nikibeba udongo. Siku moja sururu yake iligonga kitu. Akainama, akafuta udongo kwa mkono.

"Usikaribie," akaniambia. "Iko mutu."

Walikuwa wawili, wamelala ubavu kwa ubavu. Mmoja alikuwa na pete ya fedha kidoleni, kama walizovaa wazee wetu. Mwingine, nguo ilikuwa imeoza yote, lakini juu ya mbavu vilibaki vifungo vya shaba vyenye nyota, vile vya askari wa Serikali ya Wazungu wa zamani. Mtaani kwetu hakuna aliyehitaji kuuliza ni vita gani. Ni vile ambavyo Serikali iliwafukuza Waarabu na Wangwana, Waislamu weusi wa upande wao, hapa kwenye maporomoko. Sisi tulikuwa uzao wa walioshindwa.

Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, alimpoteza baba yake katika vita hivyo akiwa msichana mdogo, na maiti haikuonekana. Kila harusi, kila Idi, alisimulia jinsi baba yake alivyokufa na bunduki mkononi kati ya Wangwana wenzake. Watu walimwachia mkeka wa mbele.

Alikuja na fimbo yake, akaketi ukingoni mwa shimo.

"Mutumbwi ulimuvunja papa yangu muguu," alisema. "Mufupa ulijiunga vibaya. Munipe niguse."

Mume wangu alianza na yule mwenye pete. Miundi yake ilikuwa imenyooka. Mama mkwe akairudisha polepole.

"Na ule mwingine."

"Mama, ule iko askari wa Serikali."

"Leta."

Akaupokea muundi, akaupitishia kidole gumba. Katikati kidole kikasimama juu ya nundu.

"Hapa," alisema. "Nilikuwa namukanda hapa na mafuta ya mawese, kila asubui."

Hakulia. Afadhali angelia. Mume wangu akapiga magoti mbele yake.

"Mama, pengine koti ilikuwa ya mutu mwingine. Pengine walimukamata, wakamuvalisha kwa nguvu."

"Pengine, mutoto yangu. Mumufunike, jua inamuchoma."

Nilitoa shuka langu la harusi, nikalipasua vipande viwili. Imamu alipofika aliviona vile vifungo, akasita.

"Nimusomee nani, mama? Huyu wa pete tunajua iko wetu."

"Usomee wote. Mungu atachagua mwenyewe."

Akasoma. Tuliwazika makaburini siku ileile, kaburi karibu na kaburi. Vile vifungo mama mkwe mwenyewe alivitupa mtoni.

Idi iliyofuata wanawake walimwomba asimulie kama kawaida. Alisema koo linamuuma. Hakusimulia tena, na walioambiana kilichoonekana shimoni hawakumuuliza usoni. Mkeka wa mbele waliendelea kumwachia, ila yeye sasa alikaa nyuma, karibu na mlango.

Mara moja tu nilithubutu. Tulikuwa tukitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, unamukasirikia?"

Aliendelea kutwanga kwanza.

"Hapana. Nawaza tu, kule alikoenda, nani alikuwa anamukanda."

Nyumba ilipokaribia kuezekwa alisema hawezi kulala pale. Nilimvusha mto, nikampandisha treni ya kwenda Ubundu kwa dada yake mdogo. Alishikilia dirisha kwa mikono miwili, akaniambia nichunge mume wangu asinywe maji ya mtoni bila kuchemsha.

Habari ya kifo chake ililetwa na mvuvi, siku nyingi baada ya mazishi. Mume wangu alikuwa juu ya ngazi, anapaka chokaa chumba tulichomjengea. Alishuka, akaosha mikono, akakaa chini sakafuni. Nilikaa naye. Ukuta mmoja ulibaki bila chokaa mpaka mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa.