Bwana Marufuku na Uwanda Usiokanyagwa

Mkwe wangu, yule aliyemuoa binti yangu mkubwa, ndiye anayetunza bustani, njia za mlimani na viwanja vya wazi vya mji wetu. Mji wenyewe umekaa ubavuni mwa mlima, na wageni huja hapa kupumua. Ndiyo, kupumua. Sijui kwao hewa imekwisha, maana wakishuka tu kwenye basi wanavuta pumzi mpaka vifungo vya mashati vinaruka, halafu ndiyo wanaulizia njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Njia hiyo kaichonga mkwe. Mvua ikiibomoa, anachimba mifereji ya kutolea maji. Mti ukianguka, anaukata kwa msumeno na gogo lake analigeuza benchi. Kuna benchi moja kule juu, tamu kiasi kwamba mgeni alikaa akasinzia kidogo, alipoamka ndevu zilikuwa zimemfika magotini. Ndevu hizo nimezishika kwa mkono wangu.

Kwa kazi simtoi kasoro. Ila ana ugonjwa mmoja: vibao.

Alianza na kimoja tu bustanini, kile cha Usikanyage majani. Kikamnogea. Kesho yake kikazaa. Usichume maua. Usiwape ndege mkate. Kwenye bwawa la bata akaandika Usipige mbizi, na maji yenyewe hayafiki hata kwenye magoti ya bata. Watu wakamwita Bwana Marufuku, naye akadhani kapandishwa cheo.

Mimi na kusoma hatukuwahi kukutana, lakini hata mimi vibao vyake nilivijua kwa wekundu. Mbwa wa muuza chai, mbwa asiye na darasa hata moja, akivifikia alikaa kitako, akafikiri, akageuza njia. Upepo ukitoka mlimani ulifika hapo ukapita pembeni.

Binti yangu akaja kwangu siku moja, mikono kiunoni. "Mama, mkweo kaweka kibao jikoni."

"Kinasemaje?"

"Usifunue sufuria kabla chakula hakijaiva."

"Na wewe?"

"Nimefunua. Kibao nikakitia motoni. Kumbe kinawaka vizuri."

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote, na binti yangu anisamehe, ni Uwanda. Hicho ni kipande kikubwa cha majani kilichobaki wazi kati ya hoteli na msitu. Alikizungushia vibao bega kwa bega, kama watu kwenye foleni ya maji. Usiingie, usikae, usicheze, usilale. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuingia. Alifyeka akiwa nje, fyekeo kalifunga kwenye ufito mrefu, na ufito kaufunga kwenye ufito mwingine. Alipoweza kufika alifyeka, asipofika majani yakaota yalivyotaka. Ukitazama kutoka barabarani, ncha zake zilikuwa sawa kama shuka iliyopigwa pasi, na mji mzima tukaamini pale ni tambarare.

Basi mwenye hoteli akaenda halmashauri kuuomba Uwanda awe anaegesha magari ya wageni. Mwenyekiti wa halmashauri, mtu mnene mwenye upole wa pipa, akaja mwenyewe kwa mkwe.

"Bwana, kiwanja hiki hakitumiwi na mtu."

"Hakitumiwi kwa sababu ni marufuku, mheshimiwa."

"Nani kapiga marufuku?"

"Mimi."

"Basi umeturahisishia kazi. Jumamosi nakuja na kamati. Nikikuta watu wanautumia, Uwanda unabaki. Nikikuta mtupu, Jumatatu tunamwaga kokoto."

Jioni hiyo mkwe hakula. Alikaa anakitazama chakula kana kwamba nacho kitamwagiwa kokoto.

"Si ung'oe vibao, baba, watu waingie?" nikamwambia.

Akanitazama kama nimemwambia ang'oe meno. Lakini aling'oa. Kila kimoja alikiomba radhi, akakipakia kwenye toroli, akakileta kwangu. Lundo likapanda mpaka likamzibia jirani jua. Jirani akadhani bado usiku, akalala hadi adhuhuri, akaamka analalamika kuwa siku hizi kunachelewa kucha.

Kisha mkwe akaingia mitaani kukaribisha watu. Nilikuwa kwa muuza chai alipofika.

"Ndugu yangu, Jumamosi njoo ukae kwenye majani ya Uwanda."

"Unitoze faini."

"Nakukaribisha kwa moyo mweupe."

"Mwaka jana ulinifukuza kwa sababu ya kivuli changu. Ulisema kimeingia ndani."

"Kilikuwa kimeingia."

"Na mimi nilikuwa nje?"

"Wewe ulikuwa nje. Kivuli ndicho kilichokosa adabu."

Hata hivyo Jumamosi watu walikuja, mji mzima, na mikeka yao. Wakasimama pembeni. Vibao havikuwepo tena, yalibaki mashimo yake tu, na kila mtu akapanga vidole vya miguu nyuma ya mashimo. Hakuna aliyethubutu. Mkwe anazunguka anawasihi, "Karibuni, karibuni ndani," nao wanajibu, "Asante, hapa panatosha."

Kamati ikafika. Mwenye hoteli alikuja na kamba ya kupimia, gari lake jipya kaliegesha barabarani.

"Naona wamekuja kuuaga," akasema Mwenyekiti.

Mkwe alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Nikamsogelea. "Anza wewe, baba. Wakikuona wewe, watafuata."

"Siwezi, mama. Mguu unakataa."

Na kweli ulikataa. Aliunyanyua, ukabaki hewani, akasimama kama korongo aliyesahau alichokuwa akitafuta. Nikafanya anachofanya mzazi yeyote mwenye upendo: nikamsukuma.

Akazama kwenye majani, akapotea. Halafu majani yakaanza kutikisika kwa mstari, mstari ukashuka, ukazidi kushuka, na sauti inaita "Mamaaa" ikawa ndogo kama ya mbu. Kumbe Uwanda haukuwa tambarare hata kidogo. Ulikuwa mteremko, majani ya chini yamerefuka mpaka kuyafikia ya juu, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyewahi kuukanyaga.

Watu wakakimbilia kumwokoa. Wakabiringika nao. Muuza chai alibiringika na birika lake mkononi, akafika chini hajamwaga tone, akamimina. Wa kwanza kusimama akacheka, akapanda tena juu ili abiringike upya, na hapo ndipo aibu ilipokwisha. Nyanya mmoja, simtaji, alishuka kwa ubavu akapiga kelele kama filimbi.

"Haiwezekani, pale ni tambarare," akasema Mwenyekiti, akatia mguu ahakikishe.

Akawapita wote. Chini kabisa, mitini, miti miwili ikasogea kumpisha.

"Mheshimiwa," mwenye hoteli akaita kutoka juu, "tupime sasa?"

Mwenyekiti akakaa, akatoa majani sikioni. "Upime nini? Mimi nina miguu ya kujizuia na nimefika huku. Gari lina magurudumu."

"Tutaweka mawe nyuma ya matairi."

"Sawa. Tuanze kujaribu na lako."

Mwenye hoteli akalitazama gari lake jipya. Akakunja kamba taratibu.

"Uwanda unabaki," akasema Mwenyekiti. "Unatumika. Nimeutumia mwenyewe."

Mkwe alikuwa bado kalala chali katikati ya majani. Nikamwinamia. "Umeumia, baba?"

"Yana ubaridi, mama."

"Nini?"

"Majani. Miaka yote hii, kumbe yana ubaridi."

Akainuka, akapanda mteremko akikanyaga kila alipotaka, akajipanga foleni kule juu. Mbele yake alikuwepo Mwenyekiti, anafungua tai.