Jicho na Gari Jeusi

Pale gereji walimwita Jicho, na hilo jicho hakuna aliyelipenda. Kazi yake ilikuwa kupitisha taa juu ya gari lililokwisha kung'arishwa na kutafuta mikwaruzo iliyobaki. Akiuona mmoja, anabandika kipande cha tepu, na fundi wa mashine anarudia. Kazi ya kuchukiwa, na kiuno nacho hakikuwa na raha: inama, chuchumaa, laza shingo kama kuku anayesikiliza umbea.

Siku hiyo lilikuja gari jeusi. Rangi nyeusi haisitiri kitu, ni kama jirani mwenye mdomo. Na fundi wa mashine alikuwa mumewe.

"Mama watoto, lipitishe tu hivyo hivyo," alisema mume, amejibwaga juu ya ndoo. "Linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu."

"Umelifuta kwa spiriti?"

Mume akajifanya anatafuta kitambaa.

Hapo Jicho akajua. Polishi ina mafuta, na mafuta huficha mikwaruzo. Gari likioshwa mara mbili tatu, yote nje. Ndiyo maana hufutwa kwa spiriti kwanza, ndipo taa ipite. Gari moja la mumewe alikwisha kulifumbia macho, likarudishwa na mwenye gari, amefura. Bosi akasema likirudi jingine, fundi atafute pa kwenda.

Jicho akalowesha kitambaa kwa spiriti, akafuta boneti, akalaza taa. Lo! Duara juu ya duara, utadhani buibui kakesha kazini.

"Bega linauma tangu lini?" akauliza bila kugeuka.

"Bega lipi tena?"

"Usinichezee mimi. Mashine umeibembeleza, hukuikandamiza. Mficha maradhi, mwenzangu, kilio humuumbua."

Mume akainamisha kichwa. "Tangu mvua zianze. Hata kulilalia siwezi."

Bosi alichungulia. "Tayari?"

"Bado. Bega la huyu limechoka. Mashine nashika mimi kama zamani, taa atashika yeye."

Bosi akawatazama wote wawili. "Mimi nataka gari. Ila likirudi, shemeji, mtaondoka pamoja."

Jicho akavaa aproni ya mumewe, iliyonuka jasho na polishi. Ile mashine ilikuwa imeongezeka uzito tangu aiache, au yeye ndiye aliyepungua. Aliisukuma juu ya boneti, milango, mpaka nyuma. Jua lilipoinama ndipo alipomaliza. Akafuta gari zima kwa spiriti, akaketi juu ya ndoo ile ile.

Mume akalaza taa kwa mkono mzima. Akapita taratibu mno, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kwenye mlango wa nyuma akasimama, akabandika tepu.

"Hapa bado, mama."

"Umeona, au unalipiza?"

"Njoo uone."

Akajikokota, akainama. Mkwaruzo ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Akasonya, akaiokota mashine.

"Shika taa vizuri basi," akasema. "Unanimulika machoni."