Maji ya Kumkanda Mwalimu

Mimba ya mwalimu ilipofika miezi saba nilimwambia kwamba akishajifungua asikubali kukandwa kwa maji ya moto. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake, Mkuza, Kibaha, yeye kaweka miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, mimi namenya machungwa. Nilimweleza kwamba kizazi hurudi chenyewe, kwamba ile damu mbaya inayosemwa inabaki tumboni haipo, kwamba nimewahi kumwona mwanamke aliyebabuka tumbo zima kwa taulo la mama yake. Wakati ule nilikuwa na jibu la kila kitu.

Alinisikiliza kama anavyowasikiliza watoto wa darasa la tatu, kichwa kimeinama kidogo. Kisha akampigia simu mama yake mdogo aliyeko Kisarawe, ndiye aliyemlea, akaweka spika.

"Mama mdogo, nipo na mtaalamu wangu hapa. Anasema hukandi mtu."

"Mtaalamu yupi? Yule asiyezaa?"

"Huyo huyo."

"Muulize, anafundisha watu kuogelea na yeye hajawahi kulowa?"

Tulicheka wote watatu. Mwalimu akakata simu, akachukua chungwa. "Basi, sikandwi," akasema. "Umeshinda."

Kazi yangu haikuwa na jina linaloeleweka. Kwenye mtandao wanaiita doula. Mtaani nilikuwa yule dada wa wajawazito, na kwenye kikao kimoja mjumbe alinitambulisha kama mkunga, nikamsahihisha, akasema basi kama si mkunga kaa chini. Simpimi mtu wala simzalishi mtu. Namsindikiza mama kliniki, namfundisha kupumua, uchungu ukianza nakaa naye, namsugua mgongo, namuulizia nesi yale anayoogopa kuuliza mwenyewe, na akirudi nyumbani nashinda naye mpaka azoee. Nilisoma sosholojia, nikakaa nyumbani natuma maombi ya kazi, nikaingia mafunzo ya mradi mmoja kwa sababu yalikuwa na chakula cha mchana. Watu hupenda niseme kwamba niliitwa na kitu fulani ndani yangu. Sikuitwa.

Siku tuliyopangiwa kuzungumzia mtoto anayefia tumboni, mwezeshaji alikwama njiani kutoka Dar. Tukanywa chai, tukasaini mahudhurio, tukarudi majumbani.

Mwalimu alinipigia asubuhi, wiki chache kabla ya tarehe yake, akasema mtoto amenyamaza. Alitumia neno hilo. Hospitalini daktari alipitisha kipimo juu ya tumbo, akakirudisha alikoanzia, akakipitisha tena, na alisema pole kabla hajasema kitu kingine. Mwalimu akauliza kama anaweza kuvaa viatu vyake. Akaambiwa hapana, atalazwa, ataanzishiwa uchungu, atazaa kawaida.

Uchungu ulikuja kama unavyowajia wote. Mwili haukuwa umepata taarifa. Mimi nilifanya kazi yangu kama ninavyoifanya siku zote: nilimsugua mgongo, nilimpa maji kidogo kidogo, nilimshika mkono pale alipotaka na kuuachia pale asipotaka. Nilichobadilisha ni maneno tu. Kwa wengine husema, mtoto anakuja. Kwake nilisema, uchungu unakuja, unapita. Nesi aliingia na kutoka, akiongea kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Upande wa pili wa pazia mwanamke mwingine alizaa na mtoto wake akalia, na mwalimu akasema, "Huyo ana mapafu," kwa sauti ya kusifia kabisa.

Alikuwa mvulana. Alikuwa na nywele nyingi na masikio ya baba yake. Nesi aliuliza kama mama atamshika, mwalimu akanyoosha mikono kabla swali halijaisha. Alimshika mpaka yeye mwenyewe aliposema basi. Tulimfunga kwenye kanga ileile aliyokuwa amemnunulia.

Sikulia. Nilijisubiri nilie, ikashindikana. Nilikuwa naona vitu tu: nyufa za sakafu, kandambili za mwalimu zikiwa zimetazamana, chupa ya chai ambayo mume wake alikuwa ameleta na hakuna aliyeifungua. Wapo watakaosema huo ni ushujaa, na wengine watasema ni roho mbaya. Mimi nilijiuliza kama ni kazi imenifanya hivyo au nilikuwa hivyo tangu zamani, ndiyo maana kazi ikanikubali. Sijapata jibu. Mume na wanaume wa mtaani walimzika mtoto siku hiyo hiyo, bila watu wengi.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe. Alikuwa amesafiri kutoka Kondoa kuja kumpokea mjukuu, na alikuja na gunia dogo la ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi. Tuliporudi na mwalimu tulikuta nyumba imefagiliwa. Beseni la mtoto halikuwepo, chandarua kidogo hakikuwepo, nguo zilizokuwa zimeanikwa hazikuwepo. Sikujua ameviweka wapi. Kesho yake nilikwenda jikoni, nikachukua sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usibandike hiyo sufuria."

"Ya uji tu, mama."

"Uji wa nani?"

"Wa mzazi."

"Mzazi wa nani?"

Hakuwa anagomba. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei. Nilibaki nimeshika sufuria, naye akaendelea kuchambua mchele.

"Mzazi ana mtoto," akasema. "Yule ni mgonjwa katoka hospitali. Atakula chakula tunachokula wote, atapumzika, atarudi shule kwake, atasahau. Ukimkanda, ukimfunga tumbo, ukimpikia uji wa pilipili manga, kila asubuhi utakuwa unamwambia kuna kitu hakipo. Halafu si wewe uliyesema maji ya moto hayana kazi? Mwanangu kanisimulia."

"Nilisema."

"Basi tumekubaliana."

Na kweli tulikuwa tumekubaliana. Nilirudisha sufuria mahali pake. Kila nilichokuwa nimekisema kibarazani kilikuwa bado sahihi, na sasa kilikuwa kinatumika. Jioni, mume aliporudi kutoka kazini Dar akiwa na mfuko wa mkate, nilimvuta pembeni nikamuuliza anaonaje. Aliangalia mkate. "Dada, mama kashasema," akajibu. "Mimi hapo nitaongeza nini?"

Kisha maziwa yakaja. Nilimkuta mwalimu amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa kifuani mpaka tumboni, hajaibadilisha. Nilileta kitambaa, nikamweleza namna ya kukamua kidogo tu ili apunguze maumivu bila kuyaita maziwa mengine. Alifanya nilivyomwelekeza. Alipomaliza akasema, "Nataka kukandwa."

"Si tulisema hayana faida?"

"Sijakuuliza faida."

Yeye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha.

"Nimebeba mimba, nimekaa leba, nimezaa," akasema. "Dada zangu wote wamekandwa. Kila aliyezaa kwetu amekandwa. Mimi nisipokandwa, basi nilikuwa wapi miezi yote hiyo?"

Nilitafuta hoja. Zilikuwepo. Ningeweza kusema kwamba mila haimpi mtu cheti cha kuwa mama. Ningeweza kusema kwamba anachokihitaji ni kuzungumza na mtu aliyesomea huzuni. Vyote hivyo nilivijua, na vyote vilikuwa vinaishia mdomoni. Nilikwenda jikoni nikamwambia mama mkwe kwamba mwalimu mwenyewe ndiye anayeomba.

Mama mkwe alifunika chungu cha maharage kwanza.

"Mimi nilizika wawili kabla ya huyu mume wake," akasema. "Wa pili hata jicho hakufungua. Nani alinikanda? Kesho yake nilikuwa shambani napalilia. Na unaniona, nipo."

"Nakuona, mama."

"Basi."

Alikuwa mbele yangu, mnene, mzima, mwenye mikono isiyotetemeka, ushahidi wa hoja yake mwenyewe. Chuoni tulifundishwa kumuuliza mtu kama huyo swali la pili. Upo vipi? Sikuuliza. Nilitoka nje nikampigia mama mdogo.

"Mtaalamu," akasema, alipoitambua sauti yangu. Habari ya msiba alikuwa nayo. Alikuwa anasubiri kuitwa, na hakuna aliyemwita. Nilimweleza mwalimu anataka nini na nani hataki.

"Na wewe umeanza kuamini maji?"

"Hapana."

"Sasa unanipigia ya nini?"

"Naomba umkande."

Nikasikia kuku kwa upande wake. "Mleteni," akasema.

Mume ndiye aliyekwenda kumwambia mama yake kwamba mkewe anakwenda kupumzika kwa watu wake. Alilisema hilo akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mama mkwe akajibu, "Nendeni," bila kuuliza watarudi lini. Tulikodi bajaji tukapita njia ya Kiluvya. Kila tulipofika kwenye shimo mwalimu alikamata tumbo lake kwa mikono yote miwili, kisha anaangalia mikono, kisha anaishusha. Shimo jingine likija anarudia. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Nyumba ya mama mdogo iko kwenye mteremko, nyuma kuna mihogo na mikorosho michache, bafu limezungushiwa mabati. Alipotuona hakusema maneno mengi. Alikuwa amekwisha kuwasha kuni. Ndani ya sufuria kubwa kulikuwa na majani, akaniambia ni ya mpera, nikauliza yanafanya nini, akasema yananukia. Hilo lilikuwa jibu la kwanza la mila nililowahi kuridhika nalo.

Tulibishana jambo moja tu. Nilichovya kiwiko kwenye ndoo nikasema yapoe zaidi.

"Hayo unayotaka wewe ni ya kuoshea vyombo," akasema.

"Yapoe, mama mdogo. Ngozi yake ni hii hii moja."

Akaongeza kata mbili za maji baridi, kwa uchoyo, akinitazama. Nikachovya tena. Nikakubali.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda, mgongo wazi. Mama mdogo alichovya taulo, akalikamua, akalibandika juu ya nyonga, akakandamiza kwa viganja. Kisha mgongo. Kisha tumbo, ambalo lilikuwa bado limevimba kama la mimba changa. Wakati huo ndipo mwalimu alipotoa sauti. Nilidhani ameungua, nikainuka, mama mdogo akanizuia kwa mkono bila kugeuka. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilikuwa nimeyapima mwenyewe. Alilia mpaka ndoo ikafika nusu, na mama mdogo hakumwambia anyamaze wala hakumwambia atapata mwingine. Alikuwa anasema tu, geuka, inua mkono, haya. Alipomaliza akamfunga tumbo kwa kitenge, akavuta mpaka mwalimu akasema anaumia, akalegeza kidogo. Halafu uji.

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Majirani walikuja na ndizi na unga, hawakujua waseme hongera au pole, wengine wakasema vyote viwili. Mimi nilikuwa naenda na kurudi Kibaha, nilikuwa na mjamzito mwingine Mkuza. Sikuona kwamba mwalimu amepona. Alikuwa analala mchana, anakula, kuna siku haongei kabisa. Sikujua ni maji, ni muda, au ni kuwa kwao. Hakuna namna ya kujua. Hakuna mwanamke wa pili aliyefiwa hivyo hivyo na hakukandwa ili tulinganishe. Kisha nikakumbuka kwamba yupo, na alikuwa Mkuza anachambua mchele.

Mama mkwe alikuja siku moja asubuhi pamoja na mwanawe. Nilikuwa nachochea kuni nilipowaona wanateremka, yeye mbele, kabeba lile gunia la ulezi.

"Mkwe, karibu," mama mdogo akasema kutoka bafuni, sauti ikipita juu ya mabati. "Nina mtu huku, namalizia."

"Maliza. Nimeleta ulezi. Ungeharibika."

Mume alisalimia, akaenda kusimama kwenye mikorosho. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Maji yalikuwa yanasikika, taulo likikamuliwa, mama mdogo akisema geuka, inua mkono. Mama mkwe alitazama ukuta wa mabati muda wote huo.

Mwalimu alitoka amefungwa kitenge, uso una mvuke. Akamwona mkwe wake, akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama." Akaitikiwa. Akaja kukaa kwenye gogo karibu yangu.

Mama mdogo alichungulia. "Kuna ndoo nzima imebaki. Nimwagie mihogo?"

"Usimwage," mama mkwe akasema.

Tuligeuka wote. Alikuwa anainuka, mkono mmoja umeshika goti. Alivua viatu akaviacha kwenye mkeka, akajifunga kanga upya kifuani, akatembea mpaka mlango wa bafu.

"Unataka kuoga, mkwe?"

Mama mkwe alisimama pale anaiangalia ndoo. "Mgongo sifikii," akasema.

Mama mdogo alisogea, akampisha aingie, akaingia nyuma yake na kuvuta mlango. Tukasikia kigoda kinaburutwa. Tukasikia taulo linachovywa, linakamuliwa, na muda mrefu hakuna kitu kingine. Mwalimu aliegemea bega langu. Maji yale sikuwa nimeyapima.

Sufuria ilikuwa tupu juu ya mafiga. Nikaijaza, nikachochea kuni.