Kuku wa Coletha Waliokataa Kufa

Kuku wa Coletha walipaswa kufa Jumamosi ile. Kwa kuwa hawakufa, kampuni moja ya mbegu iliyoko Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, haikuonja tena usingizi.

Coletha, ambaye sisi majirani zake wa Bagara tunamwita Mama Wolfgang, alikuwa msimamizi wa ufungashaji katika kampuni hiyo, na mshahara wake ndio uliokuwa unamsomesha Wolfgang chuoni. Siku hiyo alirudi na mfuko wa mbegu za mahindi uliopasuka, akautua uani. Alipogeuka kuepua sufuria, kuku walikuwa wameshauvamia.

Mbegu halali hupakwa dawa ya kuua wadudu, nayo dawa hutiwa rangi ya pinki ili mtu asije akaisaga mbegu hiyo kuwa unga. Kuku akiila, hufa. Hata mtoto wa chekechea hapa kwetu analijua hilo. Mama Wolfgang akaketi kwenye kigoda kusubiri msiba. Kuku wakamaliza mfuko, wakapangusa midomo ardhini, wakamtazama kama wateja wanaodai nyongeza. Kesho yake mtetea mmoja akataga.

Hapo ndipo kilipomwanza kicheko ambacho hakikumwacha wiki nzima. Jumatatu, kazini, alilitazama ghala la nyuma kwa macho mapya na kuona alichokuwa hajajiuliza: mahindi ya kawaida ya sokoni, yakikorogwa na rangi ya keki.

Mimi nikifika hapa sicheki. Anayemuuzia mkulima mahindi yaliyopambwa, kwa jina la mbegu bora, hamwibii fedha peke yake. Anamwibia mvua, na mvua hairudishwi dukani. Tena anayafanya hayo akiwa amevaa tai.

Mama Wolfgang akapanda ngazi hadi kwa Wakili Genoveva, ofisi iliyo juu ya duka la vitenge la Salimu.

“Shikamoo, mama,” wakili akamwamkia, kwa kuwa ni mdogo kwake.

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa sababu kuku wangu ni wazima.”

Wakili alisikiliza hadithi yote bila kutabasamu, jambo ambalo ni kipaji. Kisha akamweleza kwamba sheria inamlinda mfanyakazi anayepeleka taarifa ya uovu kwa mamlaka husika, na jina lake linaweza kufichwa. Lakini wenye kampuni wakimshtukia mapema watamfukuza kwa kisingizio chochote, na kazi ya kumtetea itakuwa ngumu zaidi.

“Nenda ukafikiri, mama. Mvua zinakaribia, mifuko inaondoka kila siku, kwa hiyo usifikiri sana. Na usimwambie mtu yeyote.”

“Mimi? Mdomo wangu ni kaburi!”

Alhamisi jioni tulikutana kwa sala za jumuiya nyumbani kwa Mzee Sosthenes. Katika jumuiya zetu, baada ya Injili, kila mmoja hutoa nia yake kwa sauti, na wote huitikia. Mama Wolfgang, ambaye hakuwa amepata usingizi kwa kupima kazi yake dhidi ya dhamiri yake, akafumba macho.

“Namwombea mtu mmoja, simtaji jina, anayefanya kazi kwenye mbegu kule Bonga, ambaye kuku wake walikula mbegu wasife, ili apate ujasiri wa kurudi kwa wakili.”

“Ee Bwana, twakuomba utusikie,” tukaitikia.

Macho yote yakamgeukia. Katika jumuiya nzima, anayefanya kazi kwenye mbegu ni mmoja.

“Tuwaombee na kuku,” jirani yetu Scola akasema.

“Ee Bwana, twakuomba utusikie!” Sauti zikaanza kutetemeka kwa kicheko, mabega yakafuata, na mwishowe hata Mzee Sosthenes aliyekuwa ameshika Biblia akaifunika usoni. Alipoifunua, macho yalikuwa makavu.

“Mama Wolfgang, ni zile za mfuko wa kijani? Maana nimezinunua kwa ajili ya shamba langu lote la Sigino.”

Mama Wolfgang akainamisha kichwa. Hakuna aliyehitaji jibu lingine.

Ijumaa asubuhi Bagara ilipatwa na wazimu. Kila aliyenunua mbegu aliwamwagia kuku kiganja kimoja, akakaa kuwachunguza. Kuku hawakuwahi kutazamwa kwa heshima namna ile. Nyumba baada ya nyumba ikapaza sauti: “Wangu wazima!” “Na wangu, wanataka tena!” Kisha Scola akatoka mbio, khanga ikipepea nyuma yake.

“Jogoo wangu amekufa! Asanteni, jogoo wangu amekufa!”

Alikuwa amenunua za kampuni nyingine. Mbegu zake zilikuwa halali. Tulimpa pole na hongera kwa pumzi moja, na jogoo akazikwa asije akaliwa na mbwa.

Saa nne, Mama Wolfgang alikuwa mbele ya meza ya wakili.

“Ulimwambia nani?”

“Sijamwambia mtu. Niliomba tu.”

“Uliomba kwa sauti?”

“Sasa Mungu atasikiaje nia ya jumuiya kimyakimya?”

Wakili Genoveva akalaza kichwa mezani, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Alipoinuka akawa mkali. “Siri imekwisha. Utawaambia watu ulikuwa utani, au tunapeleka taarifa leo, kwa jina lako.” Akamsogezea maelezo aliyokuwa ameyaandaa.

Simu ya Mama Wolfgang ikaita. Kwenye kioo lilikuwa jina la meneja.

“Usipokee,” wakili akasema. “Akikufukuza kabla hujasaini, atadai ulisema kwa hasira ya kufukuzwa. Ukisaini kwanza, ni yeye atakayejieleza.”

Simu iliita kwa wimbo wa kwaya, na meza nzima ikatetemeka. Mama Wolfgang aliitazama. Mle ndani mlikuwa na kazi yake, ada ya mwanawe, na Jumatatu zote zijazo. Akamkumbuka Mzee Sosthenes na macho yake makavu. Akavuta karatasi, akaandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, polepole, huku simu ikikatika na kuanza upya na kile kicheko chake kikimpanda kooni.

Ndipo akapokea.

“Haloo, bosi. Samahani kwa kukuweka, nilikuwa nimeshika kalamu.”