Oili ya Gari la Mke Wangu

Mke wangu alipofariki, gari lake lilibaki uani. Kwetu Mbozi vyombo vya marehemu havitumiwi mpaka matanga yaanuliwe, nami niliheshimu hilo. Sikulitoa nje. Lakini kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, niliketi kwenye kiti chake nikaliwasha. Nilifumba macho. Kwa dakika tatu nne lilinguruma, na mimi nikawa naye safarini, tunashuka mahali nisipopajua, yeye anaimba kwa Kinyiha, dirisha liko wazi. Kisha nilizima, nikaenda shambani.

Matanga yalipoanuliwa nililipeleka Tunduma kubadilisha oili. Nimeishia darasa la saba, na gari nilifundishwa ukubwani, na mke wangu. Dukani kwa fundi wake kulikuwa na galoni mbili: oili nzito ya kawaida, na ya sintetiki, nyepesi, iliyokuwa ghali zaidi. Nikachukua ya sintetiki.

Fundi alifungua mfuniko wa oili, akaangua kicheko. "Mzee, nani kapika uji humu?"

Chini ya mfuniko kulikuwa na utando mweupe, mzito.

"Gari limetembea wapi?"

"Halijatembea. Nilikuwa naliwasha tu, kila siku, tangu msiba."

Akaacha kucheka. Alinieleza kwamba injini ikiwashwa kwenye baridi na kuzimwa kabla haijapata moto, hukusanya maji, na maji huharibu oili. "Ungeendelea, ungeliua."

Nami nilichotaka ni lisife. Hicho tu.

"Basi weka hii nzuri," nikasema.

"Nzuri kweli, sikatai. Inakaa muda mrefu. Lakini gari lisipotembea, nayo itaingia maji. Halafu injini hii imezeeka, mipira ya kuzuia oili imechoka, nyepesi inaweza kuvuja. Mama alikuwa anaweka ya kawaida, anawahi kuibadilisha."

"Nataka kumpa kilicho bora."

"Unampa nani, mzee? Gari au mama?"

Alipokuwa hai sikuwahi kumnunulia hata lita moja. Sikuwahi hata kuuliza.

Nikarudisha galoni, nikachukua ya kawaida. Oili ya zamani ilishuka kwenye beseni, rangi ya chai ya maziwa, polepole, mpaka ikawa uzi, mpaka ikawa matone. Nilisimama pale hadi tone la mwisho.

"Sasa litembeze," fundi akasema. "Lipate moto kweli."

Sikurudi nyumbani. Nilikata kona pale Mpemba nikashika njia ya Isongole. Mshale wa joto ulipanda, ukatulia katikati. Milima ilikuja na kupita kama mawingu.

Isongole, mama mmoja aliyekaa juu ya mikungu ya ndizi alilitambua gari, akaniangalia usoni, akainamisha kichwa kidogo.

"Pole, shemeji," akasema. Kisha, "Linarudi Tunduma tupu hilo? Marehemu alikuwa akitubebea mizigo."

Nilishuka, nikafungua mlango wa nyuma.

"Pakia, shemeji."