Nilimsomea barua yake, nikaruka mistari miwili

Admin, jina langu na la chuo yafiche kabisa, maana Kigoma ni mji mdogo, tunajuana mpaka viatu. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Ujiji na mama yangu na mwanangu mmoja. Nafanya kazi kwenye ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu. Kazi yangu kubwa ni kuchapa mitihani kwa nukta nundu, yale maandishi wanayosoma wasioona kwa vidole. Ile mashine chuo kizima naijua mimi peke yangu. Zamani nilikuwa naringa nalo hilo. Sasa hivi ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Kuna kijana wa mwaka wa pili asiyeona, nitamwita Elia, siyo jina lake. Kwao ni Simbo, mama yake analima michikichi. Ana maneno mengi huyo! Hunitania kwamba ananijua kwa mlio wa ndala zangu kabla sijafungua mlango. Karatasi yoyote anayopewa, tangazo au fomu, mimi ndiye namsomea.

Siku ya mtihani wake wa mwisho nilimsimamia mwenyewe. Akamaliza mapema mno. Akajinyoosha, akasema, "Dada, leo mwalimu katuonea huruma, maswali manne tu!" Tukacheka wote. Nilikuwa na haraka ya kumfuata mwanangu shuleni, hata sikujiuliza. Niliporudi jioni kuzima mashine, nikakuta karatasi moja imenasa kwa nyuma. Nikapitisha kidole. Lilikuwa swali la tano, lenye alama nyingi kuliko mengine yote.

Jamani, Elia hakulipata kabisa. Kesho yake ningemwendea mwalimu, mambo yangeisha. Lakini mkataba wangu ulikuwa mezani kwa bosi unasubiri sahihi, na alishanionya mara moja kwa kutohesabu kurasa. Nikajiambia Elia ana akili, atafaulu hata bila hilo swali. Karatasi nikaipeleka nyumbani, nikaificha kabatini chini ya vitenge. Mkataba ukasainiwa.

Matokeo yakatoka, Elia kadisko, yaani kaondolewa chuoni kwa kufeli. Somo lile lile ndilo lililomwangusha, tena kwa alama chache.

Alikuja ofisini na barua ya chuo, kashikwa mkono na mama yake, ambaye hajui kusoma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaongeza na "Mwakeye" ya Kiha kama vile mimi ni wa nyumbani. Akanikabidhi kidumu cha mawese. "Mwanangu anasema wewe ndiye macho yake hapa," akasema. "Hata kama ameshindwa, asante."

Nikaifungua barua, nikaisoma kwa sauti. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili: asiyeridhika ana siku kumi na nne za kukata rufaa na kuomba karatasi yake ipitiwe upya. Niliiona vizuri. Nikaona pia karatasi ikipitiwa, swali la tano likiulizwa lilipo, na mimi nimesimama mbele ya kamati. Nikaikunja barua, nikasema, "Basi, imeishia hapo, kuna sahihi ya msajili."

Elia akanyoosha mkono, akapokea barua yake. "Mimi nilidhani nimeandika vizuri, Dada. Kumbe nilikuwa najidanganya." Mama yake akamfuta uso kwa upindo wa kitenge, wakaondoka.

Tangu siku hiyo naogopa kila kitu. Simu ikiita nashtuka. Naogopa jirani yao yeyote anayejua kusoma. Naogopa kufukuzwa, naogopa kushtakiwa, naogopa mama yangu aje asikie habari zangu sokoni. Kile kidumu kiko jikoni, sijaweza kukifungua. Mama akaniuliza kwa nini tunanunua mafuta na mawese yapo, nikamwambia yameharibika. Hata mawese ya watu nimeyasingizia.

Leo asubuhi Elia amenitumia ujumbe wa sauti. "Dada, kesho saa nne nakuja na ile barua. Siku ile nilikuwa na majonzi, naona kama sikuisikia vizuri. Nisomee tena polepole, halafu nikubali yaishe."

Siku ya kumi na nne ndiyo hiyo kesho.

Najua mtanitukana, nitukaneni tu, nimestahili. Lakini mkishamaliza nisaidieni. Nikisoma yote, kazi sina, na nyumba nzima inanitegemea mimi. Nikiruka tena, huyu mtoto wa watu atarudi Simbo akiamini hana akili, maisha yake yote. Kesho atakaa mbele yangu, atanikabidhi barua, atatega sikio. Nishaurini kabla ya saa nne: nikifika kwenye ile mistari miwili, nifanye nini?